Nguo za Kaskazi Kutoka Kabatini Mwako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu

Mimi ni mshonaji wa nguo za wanawake na watoto hapa Langoni, mjini Lamu, na kila mwaka kaskazi inaposhika wateja huniletea vitambaa vipya wakiamini kwamba joto limewalazimu kushona upya. Mara nyingi huwarudisha nyumbani na vitambaa vyao, kwa sababu nguo wanazozihitaji tayari wanazo. Wanachokosa ni kujua ipi ivaliwe pamoja na ipi, ifuliwe siku gani, na irudi mwilini lini. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi, na nimeyajibu kwa urefu pale ambapo jibu fupi lingempotosha muulizaji.

Kaskazi ina nini hata ihitaji mpango wake wa mavazi?

Upepo wa kaskazi hutuvumia kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Mwanzoni hauna taabu kubwa, kwa kuwa unavuma kwa nguvu na vichochoro vyetu vina vivuli. Taabu huja mwishoni, kati ya Machi na mwanzo wa Aprili, upepo unapolegea kabla ya mvua za masika na jua la mchana likawa karibu kabisa na utosi, maana tuko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta. Joto la mchana hupita nyuzi 30, na usiku haupoi kiasi cha kuusahaulisha mwili mchana uliopita.

Hata hivyo, kinachotuchosha zaidi ni unyevu wa hewa ya bahari. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho hubaki juu ya ngozi likitiririka bila faida. Kwa hiyo nguo ya kaskazi inapaswa kufanya kazi mbili: kulinyonya jasho na kuipitisha hewa kati ya kitambaa na ngozi. Nguo isiyofanya hata moja kati ya hizo haifai miezi hii, hata kama ni nzuri na ya bei.

Nianzie wapi?

Toa kila kitu kabatini ukiweke kitandani, pamoja na nguo zilizokunjwa chini ya kasha na zile ulizozisahau nyuma ya mlango. Usizipange kwa rangi wala kwa bei. Chukua moja moja, uikumbuke siku ya mwisho ulipoivaa kwenye joto, na ujiulize ulirudi nyumbani ukiwa na hali gani. Mwili una kumbukumbu nzuri sana katika jambo hili: utalishika gauni fulani na papo hapo utakumbuka lilivyokushika kwapani ulipokuwa umesimama ufukoni ukingoja boti.

Nguo ulizorudi nazo salama ziwe fungu la kwanza. Zile zilizokusumbua kwa kasoro moja inayotengenezeka, kwa mfano shingo iliyobana au mkono mwembamba, ziwe fungu la pili. Zilizobaki ni fungu la tatu, nalo nitalieleza mwishoni. Wengi hushangaa kuona fungu la kwanza lina nguo chache tu, zile zile ambazo wamekuwa wakizivaa bila kufikiri. Hizo chache ndizo zinazokufundisha, kwa hiyo zichunguze: zina upana gani, zimeshonwa kwa kitambaa gani, zimekatwaje kwapani.

Nitajuaje kitambaa changu ni cha aina gani ikiwa nguo haina lebo?

Chomoa uzi mmoja kutoka ndani ya mshono, ushike kwa kibano juu ya sahani, kisha uuguse kwa moto wa kiberiti. Pamba na kitani huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta haiungui hivyo, bali hujikunja, huyeyuka, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona jivu na kidonge pamoja, kitambaa ni mchanganyiko. Lifanye jambo hili mbali na watoto na mbali na pazia.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo sababu gauni la poliesta linakuwa kama ukuta ambao jasho linautiririkia, na la pamba linakuwa kama kitambaa cha kufutia. Kitani ni bora zaidi, kwa kuwa hunyonya sana na kukauka upesi, ila hujikunja, na asiyevumilia mikunjo atateseka na pasi. Rayoni, ambayo madera mengi hushonwa kwayo, hunyonya vizuri na huanguka mwilini kwa ulaini, lakini hudhoofika ikilowa, kwa hiyo isikamuliwe kwa nguvu wala isisuguliwe kwa brashi.

Pamba nayo ina kasoro yake, na sitaificha: ikishalowa hukawia kukauka. Pamba nzito ya suruali ya jinzi ikilowa jasho asubuhi itabaki mbichi hadi jioni. Unachotafuta ni pamba nyepesi, ambayo ukiiinua mbele ya dirisha unaona mwanga ukipenya kati ya nyuzi bila umbo la mkono wako kuonekana waziwazi. Ikiwa mkono unaonekana, nguo itahitaji shimizi ndani, na shimizi hiyo nayo iwe ya pamba.

Unaposema «seti» una maana gani?

Seti ni vazi zima la kutokea nyumbani, kuanzia nguo ya ndani hadi kiatu, ambalo umekwisha kulivaa lote pamoja katika siku ya joto na ukarudi bila kuudhika. Sharti la kulijaribu ni muhimu. Nguo zinazopendeza pamoja mbele ya kioo saa moja asubuhi huenda zikagombana saa saba mchana: mtandio ukateleza juu ya gauni, au shimizi ikapanda mapajani kila hatua.

Nitaeleza seti yangu moja. Ni gauni la pamba la rangi ya kahawia lililopauka kwa kufuliwa, lenye mikono inayopita viwiko kidogo na mipana kiasi cha kuingiza ngumi mbili kwapani. Chini yake kuna shimizi nyeupe ya pamba niliyoikata kutoka shuka la kitanda lililochanika katikati lakini lililobaki zima pembeni. Mtandio wake ni wa pamba nyembamba, wenye rangi ya kahawia iliyokolea kuliko gauni, na pembe moja ina doa dogo la chai ambalo huligeuza likaingia ndani ya mkunjo wa kwanza. Makubadhi ni ya ngozi, yameshika umbo la mguu wangu. Vyote hivyo, isipokuwa makubadhi, hutundikwa kwenye ndoana moja, mtandio ukiwa umepitishwa ndani ya mkono wa gauni, ili nikiamka gizani umeme umekatika niichukue ndoana moja tu na nisiwe na la kuwaza.

Ninahitaji seti ngapi?

Hesabu hii inategemea siku zako za kufua. Tuseme unafua Jumatano na Jumamosi. Kutoka Jumamosi hadi Jumatano ni siku nne, nao ndio muda mrefu zaidi utakaokaa bila kufua, kwa hiyo unahitaji seti nne za kuvaa, na moja ya kubaki wakati nyingine ziko kambani. Ongeza moja ya heshima, kwa ajili ya mgeni, msiba au wito wa ghafla. Jumla ni sita. Anayefua kila siku anaweza kuishi vizuri kwa seti tatu, na anayefua mara moja kwa wiki anahitaji zisizopungua tisa.

Nguo za ndani zihesabiwe mbali, kwa kuwa wakati wa kaskazi hubadilishwa mara mbili kwa siku. Hapo ndipo ningependa fedha zako chache ziende ikiwa ni lazima ununue kitu. Shimizi mbili na fulana mbili za pamba zitakufaa kuliko gauni jipya.

Je, buibui jeusi halizidishi joto?

Swali hili huulizwa kwa wasiwasi, hasa na wasichana wanaoanza kulivaa, na linastahili jibu la uangalifu. Mwaka 1980 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti kuhusu Mabedui wanaovaa majoho meusi jangwani. Watafiti walipima joto chini ya joho jeusi na joho jeupe, na wakakuta kwamba kiasi cha joto kinachoufikia mwili ni kile kile. Kweli kitambaa cheusi kilipata joto zaidi juani, lakini joto hilo la ziada lilipotea kabla ya kuifikia ngozi, kwa sababu joho ni pana na hewa inapita ndani yake.

Jangwa si Lamu, na hewa yetu si kavu kama yao. Somo tunaloweza kulichukua ni la upana. Buibui pana, linaloachia nafasi kati ya kitambaa na mwili, hupitisha hewa kila unapopiga hatua. Buibui lililobanwa kiunoni na mikononi huifunga. Mabuibui mengi ya siku hizi yameshonwa kwa kitambaa kiitwacho nida, ambacho ni poliesta, kwa hiyo hayanyonyi. Kazi ya kunyonya inabaki kwa nguo ya chini. Kosa ninaloliona kila siku ni mwanamke kuvaa buibui la poliesta juu ya dera la poliesta juu ya shimizi ya poliesta, kisha akalilaumu jua. Vaa chini gauni jepesi la pamba lisilo na mikono, au leso moja iliyofungwa kiunoni na fulana ya pamba juu, na buibui lile lile litakuwa jepesi.

Ukitaka kujua kama mpango wako unafaa, lianike buibui lako ndani nje jioni, kisha ulitazame mgongoni. Jasho likikauka huacha mstari mweupe wa chumvi, kama ule unaobaki juu ya jiwe maji ya bahari yanapokupwa. Mstari mpana katikati ya mgongo unaonyesha kwamba nguo ya chini haikunyonya kitu.

Leso inaweza kuingia katika mpango huu, au ni ya nyumbani tu?

Inaingia, na bila leso mpango wenyewe haukamiliki. Leso, ambayo kwingine huitwa kanga, ni pamba tupu yenye upana wa takriban mita moja na urefu wa mita moja na nusu, nayo huuzwa mbili mbili kwa doti. Ikiwa mpya ni ngumu na haishiki maji, kwa sababu ina wanga wa kiwandani. Ifue mara tatu au nne kabla ya kuitegemea. Leso iliyokwisha kuchakaa kidogo, ambayo jina lake bado linasomeka lakini kitambaa kimelegea, ndiyo bora kuliko zote kwa joto.

Katika safari ya boti kwenda Mokowe au Manda, leso moja ndani ya mkoba ni kinga ya jua la baharini, kinga ya maji yanayoruka, tandiko la ubao uliolowa, na vazi la akiba ukifika umelowa magotini. Nyumbani, doti moja hutosha vazi zima: moja kiunoni, moja mabegani. Wenye leso nyingi kuukuu wanaweza pia kushonewa magauni ya kulalia, mradi pindo liwekwe kwenye upindo wa chini, mahali linapoonekana vizuri, lisikatwe ovyo katikati.

Rangi zilinganishwe vipi?

Chagua rangi mbili ambazo tayari zimezidi kabatini mwako, na moja ya tatu ya kuchangamsha. Mitandio ifuate zile mbili. Hapo kila mtandio utakubaliana na karibu kila gauni. Epuka tu kijivu cha mpauko na samawati ya kati kwa nguo za kushikamana na mwili, kwa kuwa huonyesha jasho kuliko rangi nyingine. Nguo yenye maua madogo madogo huficha jasho vizuri zaidi.

Na wanaume?

Wanaume wa Lamu wana urithi mwepesi, kwa kuwa kikoi na kanzu ni nguo za hali ya hewa hii hasa. Kanzu ivaliwe juu ya fulana nyeupe ya pamba na kikoi chepesi, si juu ya suruali ndefu nzito. Kwa anayekwenda afisini, shati la pamba la mikono mirefu lililo pana linamfaa kuliko la mikono mifupi linalobana, kwani mikono mirefu humkinga na jua na inaweza kukunjwa afikapo. Seti tano zinatosha.

Watu hawatasema nimerudia nguo?

Watasema, pengine. Lakini napenda tulitazame jambo hili bila haya. Nguo inarudiwa kwa sababu imekwisha kujulikana kuwa inafaa, na mtu anayeonekana nadhifu mara kumi katika gauni lile lile anaheshimika kuliko anayebadilisha kila siku akiwa amelowa na amekunja uso. Nimewaona akina mama wakikopa ili wasionekane na gauni la harusi iliyopita, na nimewashonea magauni hayo kwa moyo mzito, nikijua watayavaa usiku mmoja.

Mimi mwenyewe nilikosea katika jambo hili. Niliwahi kujishonea gauni jipya la harusi, la lesi nzuri, nikalitia bitana ya poliesta kwa kuwa ilikuwa rahisi na iliteleza vizuri. Harusi ilikuwa Machi. Kabla ya bibi harusi kutolewa nilikuwa nimetoka nje mara tatu kutafuta hewa, na mara ya tatu nilikaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, hadi mwisho. Baadaye niliifumua bitana ile na kutia pamba nyeupe, na gauni hilo nimelivaa kwenye harusi nne tangu hapo, kila mara na mtandio tofauti na kikuba cha asumini. Hakuna aliyelinung'unikia.

Marekebisho gani yanafaa kufanyiwa fungu la pili?

La kwanza ni kwapa. Gauni linalobana hapo lifumuliwe mshono, litiwe kipande cha pamba chenye umbo la mraba, upana wa vidole vinne kila upande. Mkono utanyanyuka bila kuvuta na hewa itapita. La pili ni bitana, kama nilivyoeleza. La tatu ni shingo na pasuo la pembeni, ambavyo vikiongezwa kidogo hubadilisha nguo nzima. Fundi hutumia muda mfupi kwa kazi hizi, kwa hiyo mpelekee nguo tatu au nne kwa pamoja, na kila moja uitie pini mahali hasa panapokuudhi.

Nifue vipi ili nguo zidumu zikifuliwa mara nyingi hivi?

Usiache nguo yenye jasho ikikaa ndani ya kapu. Ikiwa hutafua siku hiyo, itundike ipate hewa, ndani nje. Ukifua kwa maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoi povu vizuri na kitambaa hukauka kigumu, kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hata kama ni ndoo moja tu. Nguo za rangi zianikwe kivulini, ndani nje, kwenye dari inayopata upepo. Nyeupe zinaweza kuachwa juani.

Manjano ya kwapani kwenye nguo nyeupe yasitiwe dawa ya klorini, kwa sababu mara nyingi huyazidisha, na usipige pasi juu yake kabla hayajatoka, maana joto huyagandisha. Yaloweke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni usiku kucha. Doa la kutu, lile linaloachwa na vibanio au waya wa kuanikia, hutoka kwa ndimu na chumvi ukiiacha nguo juani, kisha suuza vizuri.

Kufukiza udi ni desturi nzuri, lakini ifukizwe nguo safi na kavu. Moshi juu ya jasho hufanya harufu ya tatu ambayo sabuni huishindwa.

Watoto wavae nini?

Wavae kidogo, pana, pamba. Mtoto akitokwa na harara shingoni au mgongoni, mvue nguo inayobana na umwogeshe kwa maji ya kawaida kabla ya kufikiria kitu kingine. Magauni ya lesi ya kujipamba yawe ya saa moja, siyo ya kutwa.

Nifanye nini na fungu la tatu?

Usilitupe lote. Satini, jinzi nzito, sweta na yale magauni ya poliesta unayoyapenda yana wakati wake, kwani kuanzia Juni kusi, upepo wa kusini, huvuma kwa baridi kidogo na hata jinzi huvalika bila taabu. Zifue, zikauke kabisa, kisha zitie kashani pamoja na karafuu chache zilizofungwa ndani ya kitambaa. Ukizitia zikiwa na unyevu hata mdogo zitashika koga, na koga ya nguo nyeusi hairudi nyuma. Nguo isiyokutosha wala kukupendeza katika upepo wowote mpe mwenye kuihitaji, ikiwa imefuliwa na imetiwa vifungo vyake vyote.

Juu ya kasha weka karatasi yenye orodha ya vilivyomo, na kando ya kila nguo uandike kasoro yake: kifungo, mkono, bitana. Mafundi huwa na nafasi Mei na Juni.